Mjomba, ninunue ipi?

Mzee mmoja wa mtaani aliingia dukani kwangu asubuhi, laptopu kaipakata kama mtoto mwenye homa, akaiweka juu ya kaunta. "Mwanangu, nimeuziwa kibovu." Alikuwa ameinunua juzi yake. Kila akibonyeza kitufe chenye alama ya @ aandike anwani yake ya barua pepe, hutoka alama za kunukuu. Akibonyeza zile za kunukuu, pale juu ya namba 2, hutoka @. Alikuwa ameshazozana na aliyemuuzia kwa simu mpaka salio likamwishia, na sasa alitaka mimi niwe shahidi wakienda kukabiliana.

Nikaitazama kibodi. Enter ndefu, imepinda kama herufi L iliyosimama kichwa chini. Juu ya namba 3 pana alama ya pauni. "Mashine yako nzima, mzee," nikamwambia. "Vitufe ni vya Uingereza, lakini Windows imeambiwa ni vya Marekani. Mmoja asema hivi, mwengine asikia vile." Nikaingia kwenye mipangilio ya lugha, nikaongeza kibodi ya Uingereza, nikaiondoa ya Marekani. Dakika mbili. Akaandika @ mara sita saba mfululizo, akacheka peke yake, akauliza ni pesa ngapi. Kazi kama hiyo siichukulii pesa. Nilimwambia aniombee dua, naye akaniombea palepale, mikono juu, foleni ya fotokopi ikisubiri.

Laptopu nyingi zinazouzwa hapa mjini ni za aina hiyo. Zilitumika ofisini huko Uingereza miaka kadhaa, zikastaafishwa, zikaletwa kwetu, na wachuuzi huziita eks-UK. Soketi zetu ni zile zile za pini tatu za Muingereza na umeme wetu ni wa volti 240, kwa hivyo hata chaja yake huingia ukutani bila kutafutiwa adapta. Sina neno na mitumba ya namna hiyo. Nina neno na watu wanaoidharau halafu wakanunua kipya kibaya, nami ni mmoja wao.

Duka langu ni la chapa na fotokopi, Majengo: kompyuta nne, printa mbili, feni moja. Nililifungua 2009, mwaka ambao nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika ufuoni hapa hapa Mombasa. Kabla ya nyaya hizo ulikuwa ukifungua picha ya mtu, wenda kunywa kahawa, warudi waikuta imefika shingoni. Tangu hapo nimechapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mikataba ya viwanja na hata wasia, lakini nikihesabu vizuri nimejibu maswali ya kompyuta zaidi kuliko nilivyochapa. Na swali linaloshinda yote ni hili: ninunue ipi? Wengi huja na jibu mfukoni, wataka tu nilipige muhuri. Zamani nilikuwa mwepesi wa kujibu. Siku hizi huuliza kwanza, hiyo uliyo nayo yakusumbua nini? Tabia hiyo niliipata kwa shilingi 33,000.

Mwaka 2019 kompyuta yangu ya kaunta ilianza kutoa mlio, tek, tek, tek, kama mjusi yuko ndani. Sikuujali. Wiki ya pili haikuwaka tena, na diski yake ikaondoka na michoro yangu yote ya kadi za harusi tangu 2011. Miezi michache baadaye mama mmoja akaja kutaka kadi ya binti yake mdogo iwe sawasawa na ile niliyomfanyia dadake mkubwa, maua yale yale, kona zile zile. Nilimwambia imepotea. Alinitazama kama niliyempotezea binti.

Basi nikaenda mjini, duka la vioo na kiyoyozi, nikanunua kwa hizo 33,000 laptopu mpya kabisa, ndani ya boksi, nailoni haijabanduliwa. Kijana aliyeniuzia alizungumzia rangi yake, wembamba wake, na zile GB 500 za diski. Mimi nilinunua harufu ya boksi. Ndani mlikuwa na prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya Celeron, ile ya daraja la chini; RAM, ile meza ya kazi za sasa hivi, ya GB 4; na diski ya zamani ya kuzunguka. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye kibandiko karibu na kibodi, kwa hivyo siwezi kusema nilidanganywa. Nilikuwa na macho na sikusoma.

Ilinitoa jasho tarehe 30 Juni ya mwaka uliofuata. Wanaojua biashara yetu wanajua siku hiyo: ndiyo ya mwisho kuwasilisha ritani za kodi, na Mkenya huwasilisha siku ya mwisho. Watu walijipanga mpaka kwenye baraza la jirani. Mashine ikaamua ni siku nzuri ya kujisasisha. Kile kiduara cha buluu kikazunguka, kikazunguka. Nafungua ukurasa, waganda. Nabonyeza tena, kumbe imehesabu mibonyezo yote, yafungua kurasa nane kwa mpigo. Mama mmoja aliyekuwa mbele kabisa, kaegemeza kiwiko kwenye kaunta, akauliza kwa upole, "Kijana, hiyo mashine yako iko rakaa ya ngapi?" Foleni nzima ikacheka. Watu kumi na zaidi wakaenda kwa jirani.

Usiku nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kikafunguka kile kidirisha kinachoonyesha nani anakula nini. Prosesa ilikuwa haifanyi kazi kubwa. RAM ilikuwa karibu kujaa. Diski ilikuwa asilimia 100, imesimama hapo, haishuki. Nilikitazama kidirisha kile kwa muda mrefu, maana miezi yote nilikuwa nikimlaumu mwenye intaneti.

Aliyenifafanulia ni fundi mmoja mwenye kijimeza ghorofani karibu na Digo Road, kurunzi kaibana kwa meno. Diski ile, alisema, ni sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake pana kijisindano kinachokimbia huku na huku kutafuta kilichoombwa. Sasa RAM ikijaa, Windows huchukua vilivyozidi ikavitupa kwenye diski, ikivihitaji yaenda kuvitafuta tena. Kujisasisha nako kwataka diski hiyo hiyo, na dawa ya virusi pia. "Ni karani mmoja wa stoo, mjomba, na anaitwa na watu kumi. Hata umpigie kelele vipi, ana miguu miwili." SSD, ile diski ya kisasa, haina sahani wala sindano, ni chipu tupu, haina pa kukimbilia. Akaitoa diski akaweka SSD ya GB 256, akaitoa RAM ya 4 akaweka ya 8. Shilingi 8,000 vyote. Ilikuwa yawaka kwa dakika tatu na ushei. Nilipoipima kwa saa ya simu pale pale mezani, iliwaka kwa sekunde 22.

Na bado nikamgombeza. Nilipofika dukani nikaona imeandika GB 238. Nilifunga duka, nikapanda ngazi zote tena, nikamwambia, "Fundi, umenikata GB 18." Hakukasirika, alishazoea. Alichukua kikokotoo. Kiwandani GB moja huhesabiwa kwa elfu: baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu kwa 1,024: baiti 1,073,741,824. Gawanya bilioni 256 kwa namba hiyo upate 238 na kidogo. Kitu ni kile kile, rula ni mbili. Niliomba radhi, nikamnunulia soda. Tangu siku hiyo, kila mtu anayeniletea flashi mpya akilalamika imepungua namfanyia hesabu hiyo nyuma ya karatasi iliyoharibika. Isipokuwa wale wenye flashi za TB 2 walizonunua njiani kwa shilingi 1,200. Hizo ni habari nyengine: chipu iliyo ndani ni ndogo na imefundishwa kusema uongo. Yapokea kila unachoipa mpaka ijae, halafu yaandika juu ya vilivyotangulia au yavimeza, na majina ya mafaili yote wayaona yamekaa vizuri. Ukifungua video ya harusi ndipo wajua.

Kilichoniuma ni hesabu ya mwisho. Elfu 33 na elfu 8 ni elfu 41, na prosesa ilibaki Celeron ile ile kwa kuwa imechomelewa kwenye bodi, haitoki. Pesa hizo zingenipatia eks-UK ya maana na nauli ikabaki. Na kama ningelijua mapema ugonjwa ni diski, huenda ile kompyuta ya kwanza ya mezani ingalikuwa hai, ikiwa na diski mpya, na michoro yangu ya kadi imo.

Kwa hivyo Septemba 2025 alipokuja mpwa wangu nilikuwa tayari. Alikuwa amepata nafasi Technical University of Mombasa, pale Tudor, asomee uhasibu. Mamake alikuwa ameshika zamu yake ya chama cha kuchangiana pesa, akampa 35,000 na maagizo kwamba asinunue kitu bila mimi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, wataka nini?"

"Nataka yenye prosesa ya i7."

"I7 ya kufanyia nini?"

"Wenzangu wote wana i7."

Nilimkalisha, nikamwagizia maji ya ukwaju, tukazungumza. Atatumia Excel, Word, masomo ya video, kurasa nyingi za intaneti zikiwa wazi pamoja. "Na filamu," akaongeza, sauti chini. Anaishi Likoni, atavuka feri kila siku na kupanda matatu, begani ana vitabu. Hapo mimi nilishapata nusu ya jibu: skrini ya inchi 14, uzito usizidi kilo moja u nusu au hapo karibu, RAM GB 8 na iwe na nafasi ya kuongeza, SSD, na kizazi cha prosesa kisiwe chini ya cha 8. Haya ya kizazi alitaka ushahidi, na ushahidi tuliupata dukani.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, akamwita yeye "siz" na mimi "mzee", jambo ambalo sikulipenda, ndevu zangu ni mvi mbili tatu tu. Akatandika mashine mbili, chapa moja, sura moja: i7 kwa 32,000, i5 kwa 34,000. Mpwa wangu akanitazama kwa jicho la kusema, si nilikwambia, hata bei yenyewe ni ya chini. Nikamwambia asome namba iliyo baada ya kistari. Ya kwanza ilikuwa i7-6600U, ya pili i5-8350U. Ile tarakimu ya mbele ndiyo kizazi: cha 6 na cha 8. Kwa vile vya karibuni ni tarakimu mbili, 10210 ni kizazi cha 10 na si cha 1, hapo wengi huteleza. Nikafungua kile kidirisha cha Ctrl, Shift na Esc katika zote mbili, upande wa prosesa. Hapo huonekana viini, ndiyo mikono ya prosesa ya kufanyia kazi. I7 ilikuwa na viini 2. I5 ilikuwa na viini 4. Ile i7 ilitoka 2015, na i5 hii 2017, na katika miaka miwili hiyo kiwanda kilizidisha viini mara mbili kwa laptopu nyembamba za namna hii. I7 ni cheo tu. Mkubwa wa kizazi cha 6 abeba mzigo mdogo kuliko mdogo wa kizazi cha 8.

"Lakini zote zina Windows 11," muuzaji akasema. Ni kweli zilikuwa nayo. Ila Microsoft huikubali rasmi Windows 11 kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha 8, pamoja na ile chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kwenye ya kizazi cha 6 mtu ameipenyeza kwa mlango wa nyuma. Itafanya kazi, wengi wanaitumia, lakini hakuna aliyekuahidi kwamba masasisho yatakuja daima. Na Windows 10, ambayo ndiyo halali yake, ilikuwa imebakiwa na wiki chache, mwisho wa huduma yake ulikuwa 14 Oktoba 2025. Kumnunulia mtoto atakayekaa chuoni miaka minne mashine ambayo Windows yake imeingia kwa mlango wa nyuma, hapana.

Hapa niseme kidogo kuhusu wale ambao tayari wana mashine za zamani, maana mwezi ule nilipigiwa simu na nusu ya ukoo. Kompyuta haikuzimika tarehe 14, kama wengine walivyodhani. Iliacha kupata viraka vya usalama. Microsoft ilitoa njia ya kujiandikisha upate viraka mpaka Oktoba 2026, na hiyo nimewafanyia wachache. Kati ya mbili za hapa dukani, za kizazi cha 4, moja nimeiweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Wateja hukaa, hufungua kivinjari, hujaza fomu zao za serikali kwenye eCitizen, huondoka. Mmoja tu aliuliza, "Mbona hii mumeibadilisha rangi?"

Turudi dukani. Tulipoichagua i5 nilianza kuipapasa, na muuzaji akaanza kuangalia saa. Nilifungua ukurasa mtupu nikamwambia mpwa wangu abonyeze kila kitufe, mstari kwa mstari. Kitufe cha herufi M kilikuwa kizito kidogo, kikalainika. Nikaiinamisha skrini nyuma na mbele: skrini mbaya ukiiinamisha rangi hugeuka, weusi wawa kijivu, uso wa mtu wawa kama negativu. Hii ilitulia. Nikachomeka flashi yangu katika kila tundu, nikafungua kamera, nikapiga sauti. Nikaizima, nikaiwasha huku nabonyeza F10 niingie kwenye mipangilio ya chini kabisa, ile iliyo kabla ya Windows. Kama hapo yaomba nywila na muuzaji haijui, iache, hata ukiuziwa nusu bei. Hilo ni kufuli la kampuni iliyokuwa ikiimiliki, na siku utakayotaka kuweka Windows upya ndiyo siku utakayojua kwamba umenunua mlango bila ufunguo.

Kisha betri. "Betri yake yakaa saa sita," kijana akasema. Nilifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika powercfg /batteryreport, Enter. Windows hutengeneza ripoti na kukwambia imeiweka wapi. Ndani yake pana mistari miwili ninayoitaka: betri ilitoka kiwandani na uwezo gani, na sasa ikijaa yafika wapi. Hii ilitoka na 48,000 na ushei, sasa yafika 31,000. Imebaki na thuluthi mbili, kasoro kidogo.

"Mzee," kijana akasema, amechoka kabisa, "wanunua laptopu ama waoa?"

"Kuoa nilioa bila ripoti ya betri," nikamjibu, "ndiyo maana hapa nataka kuiona."

Alicheka mpaka akakaa. Akaishusha hadi 31,500, betri hiyo ikiwa sababu. Risiti nikataka iandikwe namba ya serio ya mashine na mwezi mmoja wa kurudisha, akaandika. Sina la kumlaumu.

Usiku ule niliibakisha dukani. Sipendi kuanza na Windows ya muuzaji, hujui imewekewa nini na nani. Mashine za ofisi kama hizi leseni yake huwa imo ndani ya mashine yenyewe, kwa hivyo ukiifuta yote ukaweka upya kutoka kwa Microsoft, ikishaingia mtandaoni yajitambua bila kuulizwa namba. Niliifuta, nikaiweka, nikapitia maswali ya mwanzo kwa kasi, nakubali, nakubali, endelea, nimechoka, nataka kwenda kulala.

Kesho yake alikuja kuichukua, nikamsindikiza hadi kwenye feri kwa sababu nilikuwa bado nina maneno. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, na ukisimama pale wasikia chumvi mdomoni. Nikamwonyesha reli za pembeni zilivyoliwa na kutu. "Hiyo chumvi yaingia pia kwenye laptopu," nikamwambia. Fundi wangu wa Digo Road huzijua mashine za watu wanaoishi karibu na bahari kabla hajaambiwa: skrubu za chini zina kutu, matundu ya USB yana ukungu wa kijani. Usiiache dirishani usiku kucha. Usiitumie juu ya godoro, kwa kuwa tundu la kuvutia hewa liko chini na godoro laliziba. Jirani yangu mmoja alidhani ana virusi: laptopu ikiwa baridi yaenda vizuri, baada ya dakika kumi yawa kobe, feni yalia kama pikipiki. Fundi alipoifungua alitoa kipande cha vumbi kilichoshikamana kama blanketi la mtoto. Prosesa ilikuwa yajipunguzia mwendo isiungue. Shilingi 1,000, na virusi hakuna.

Stima zikipotea, nikamwambia, chomoa chaja ukutani, urudi kuichomeka zikisharudi na kutulia. Umeme wetu hurudi kwa kishindo, na chaja mpya ya asili si pesa kidogo.

Na chai. Hili nililisema mara mbili. Mwaka 2022 nilijimwagia kikombe kizima juu ya laptopu yangu mwenyewe, na wala haikuwa kahawa tungu, ambayo haina maziwa wala sukari, ilikuwa chai ya maziwa na iliki. Niliipangusa haraka, nikaigeuza, nikasubiri kidogo, halafu nikaiwasha nione kama i hai. Ilikuwa hai, ikaishi robo saa. Fundi aliponionyesha ndani kwa kurunzi, palikuwa na doa la kahawia limeganda kati ya miguu ya chipu moja ndogo kuliko punje ya mtama, na pembeni pamechomeka. "Chai haikuiua," alisema. "Uliiua ulipoiwasha." Ilitakiwa nichomoe chaja, nishikilie kitufe cha kuwasha mpaka izime kabisa, niisimamishe kifudifudi kama hema, niipeleke ifunguliwe na ioshwe kwa spiriti. Na mchele hausaidii. Nimeona mtu kaleta laptopu imefukiwa ndani ya gunia dogo la mchele wa pishori. Chai ilikuwa bado chini ya kibodi, na sasa na chenga za mchele zimo.

"Mjomba, feri hiyo," akasema. Nikamuharakishia la mwisho: kazi zako ziweke pahali pawili, na mojawapo pasiwe ndani ya laptopu. Nilitaka kumhadithia habari ya yule mama na kadi za harusi lakini geti lilifunguliwa, umati ukamchukua, nikauona mkoba wake ukielea juu ya vichwa, kauinua kwa mikono miwili.

Siku ya tatu akapiga simu, sauti ya kulia. Bando la wiki lilikuwa limekwisha kwa siku moja. Anatumia intaneti ya simu yake, na Windows mpya, ikiona imeunganishwa kwa waifai, haijui kwamba hiyo ni simu ya mwanafunzi wa Likoni. Yajishushia masasisho kama iko ofisini London. Nikamwelekeza: aguse jina la mtandao kwenye mipangilio, ateremke, kuna swichi inayoiambia Windows kwamba intaneti hii yalipiwa kwa kipimo. Aiwashe, itatulia, na masasisho atakuja kuyachukua hapa dukani Jumamosi. Nikamtumia 200 za bando kwa M-Pesa, nikamwambia akimaliza aniandikie.

Aliandika jioni ile. Alituma picha ya skrini, swichi imewashwa, na chini yake ujumbe: "Ahsante mjomba. Na hii @ mbona nikibonyeza yaleta alama za kunukuu?"

Windows ile niliiweka mimi, kwa mkono wangu.